Mkasi wa Marehemu

Mboksi unanuka mkojo wa paka. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaoniuliza habari za mti ule hutaka niwaambie jinsi ulivyokuwa mzuri, na mimi sipendi kusifu kitu kabla sijataja kasoro yake. Jua likiupiga baada ya mvua, uani kwetu kote kulinuka kana kwamba paka wa Tabora nzima wamefanya mkutano pale kisimani. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa akiingia anajiziba pua kwa mtandio na kuuliza, "Humu mnafuga nini?" Mume wangu alicheka tu. Mimi niliizoea, na baadaye nikaipenda ile harufu, kama mtu anavyoweza kupenda kikohozi cha mtu wa nyumbani mwake.

Mti ulitoka kwa Mzungu wa reli. Enzi zile za Mwingereza, Mzungu akihamishwa, vitu vyake viliuzwa barazani kwake, na wafanyabiashara wa mjini walikwenda kuchagua. Mume wangu alikwenda kutafuta kabati. Kabati alilipata, lakini rukwama iliyolileta ilikuwa imebeba pia mapipa mawili yaliyokatwa nusu, na katika kila pipa kichaka kilichonyolewa duara kama mpira. Alisema mke wa Mzungu alikuwa analia. Hakulilia kabati wala vyombo. Alililia vichaka, maana alivileta kutoka kwao vikiwa vijiti tu, vimefungwa katika kitambaa kilicholowa, na ilimchukua miaka kuvifikisha pale. Mume wangu hakuwa mtu wa kumwacha mwanamke analia akaondoka na kabati. Akavichukua, na yule bibi akamweka nusu saa nzima juani kumfundisha kuvikata. Jina lenyewe la mti alilitoa huko, na mjini wengi waliamini ndio mti wa kutengenezea maboksi.

Mimi wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja katika nyumba ile. Kwetu ni Usinge, ambako msitu unaanzia nyuma ya jiko. Baba alikuwa mnunuzi wa nta na asali, mama Mnyamwezi wa palepale, na nilikua nikiona miti ambayo hakuna aliyeiomba iote. Nilipoletwa Tabora kuolewa nilikuwa na miaka kumi na minane, na mume wangu alikuwa amepita arobaini. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, akakusudia kufika Ujiji, akafika Tabora akachoka. Ndivyo walivyosema wenyewe katika ukoo ule, kwamba babu alichoka, na nyumba yao ilikuwa palepale kando ya njia ya zamani ya misafara alipochokea. Mwanamke wa nyumba hiyo alitoka kwa harusi, kwa msiba na kwa hospitali. Siku nyingine zote alikuwa na kuta nne na kisima. Mimi niliyezoea kutembea nusu siku kuokota uyoga, nilihesabu hatua za ua ule mpaka miguu ikazijua yenyewe.

Kwa hiyo mboksi ulipoingia, niliushika kwa mikono miwili.

Mmoja ulikufa kiangazi cha kwanza kwa sababu tuliuweka upande wa jua la alasiri. Wa pili tuliutoa katika pipa, tukauzika ardhini chini ya ukuta wa mashariki, mahali jua linapofika asubuhi na kuondoka mapema. Niliuzungushia majivu kuwazuia mchwa, ambao Tabora wangekula hata meno ya maiti. Kiangazi niliufunika mkeka mkuukuu mchana, nikaunywesha kidogokidogo, maana mizizi yake haipendi kukaa majini. Tuliukata mara mbili kwa mwaka: mvua za kwanza zikishachanganya, na tena mvua zikikaribia kuaga, na kila mara tulingoja siku ya mawingu. Ukiukata juani, majani yanaungua na kuwa rangi ya chai. Mume wangu alitandika kanga kuukuu chini yake, akaufuta mkasi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akakaa tu kuutazama mti mpaka kahawa yake ikapoa. Mkasi ulikuwa wa fundi cherehani, mrefu, na ulikatazwa kukata kitu kingine chochote, hata uzi. "Mkono una haraka," alikuwa akiniambia. "Mtangulize macho."

Mwaka wa pili akasema amechoka kutazama mpira. Yule bibi wa Kizungu alimwambia kwamba kwao watu huichonga miti hiyo ikawa ndege, mbwa, hata farasi na mpandaji wake. Mume wangu hakutaka. Alisema hatachonga kiumbe asichoweza kukipa roho, asije akaulizwa Siku ya Kiyama roho yake iko wapi. Tulifikiri siku nzima. Mimi ndiye niliyesema, "Dele." Alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akainuka kwenda kuchukua dele la kahawa jikoni, akaliweka mbele ya mti ili apate mfano.

Tumbo la dele tulikuwa nalo tayari. Shingo na kifuniko vilipatikana kwa misimu michache ya kukata juu. Taabu ilikuwa mdomo. Tulichagua kitawi kimoja upande wa kisimani, urefu wa kidole, tukakifunga kwenye waya uliopindwa, na hicho nilikabidhiwa mimi. Mboksi hauna haraka na mtu. Kwa mwaka mzima unapanda vidole viwili, na ukiupendelea sana, vitatu. Nilikifungua na kukifunga kitawi kile kila waya ulipokibana, nikakata vijani vya pembeni kwa ncha ya mkasi, na baada ya miaka minne dele lilikuwa na mdomo uliopinda sawasawa, tayari kumimina. Mama mmoja wa Ntalikwa aliyekuwa akituletea maziwa alipouona siku ya kwanza, aliweka kibuyu chini, akainama, akakinga viganja chini ya ule mdomo na kusema, "Nimiminie na mimi, mayu," yaani mama kwa Kinyamwezi. Sikumbuki kama kuna siku niliyojivunia jambo kuliko siku ile. Mtoto hatukupata, na nilikuwa nimechoka kuulizwa.

Mume wangu alikuwa na mdogo wake, ambaye alikuwa na mke na nyumba karibu na soko. Alikuwa mtu mwema mwenye sauti ya mnada. Akija kwetu, utani ulianzia mlangoni. "Shemeji, kaka akitangulia, mimi ndiye wa kwanza mstarini!" Nami nilimjibu, "Utasimama mpaka uote mvi." Mume wangu ndiye aliyecheka kuliko sisi. Utani wa shemeji ni kitu cha kawaida, hakuna anayeupima kwenye mizani.

Kaka akatangulia. Alilala na homa Jumatatu, na Alhamisi tukamzika. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kuchanganya, na mboksi tulikuwa hatujaukata.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajipambi, havai nguo ya rangi, hasikiki na wanaume ila kwa dharura. Mimi niliyekuwa natoka kwa harusi, msiba na hospitali, sasa hata hayo yalikwisha. Wifi yangu alihamia kwetu na mkeka wake na tasbihi yake ili anikalishe eda sawasawa. Kazi hiyo aliijua kama fundi anavyojua yake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekaa eda mara mbili. Mume wake wa kwanza alifariki, akaolewa na mdogo wa yule mume, naye pia akafariki. Alikuwa mrefu, mkavu, na macho yake yaliona vumbi kabla halijatua.

Wiki ya pili, siku ya mawingu mazuri, nilichukua mkasi nikatoka nao uani. Nilikuwa sijafika kisimani nikasikia sauti yake nyuma yangu.

"Weka."

"Wifi, nakata mti tu."

"Mwenye eda hapaki wanja, hapaki hina, hafukizi udi. Na hashiki mkasi. Pambo ni pambo."

"Simpambi mtu. Mti haukufiwa."

"Umefiwa," akasema. "Nani alikuwa anaukata?"

Aliuchukua mkasi mkononi mwangu, akaupandisha juu ya kabati la Mzungu, akarudi kwenye tasbihi yake. Nilimchukia siku ile, na sioni sababu ya kuficha.

Mvua zile zilikuwa nyingi. Nilikaa kwenye mlango wa chumba, ndani ya kizingiti, nikautazama mti ukiharibika. Wapo wanaosema kwamba mti ukiachwa bila kukatwa hufurahi. Labda. Wa kwangu ulikuwa kama mzee aliyekosa wa kumnyoa. Vichipukizi vililipuka kila upande, kifuniko kikazama ndani ya shingo, na ule mdomo wangu ukaota manyoya mpaka ukafanana na fagio. Mikono ilikuwa inaniwasha. Ningeweza kuufikia kwa hatua kumi na moja, nilizijua, na wifi alikuwa amekaa kwenye hatua ya tano.

Kila Ijumaa baada ya sala shemeji alikuja kutujulia hali. Alikaa sebuleni, sisi tukawa nyuma ya pazia, na wifi ndiye aliyemjibu. Alileta mchele, alileta sukari, na kila mara kabla hajaondoka aliacha neno moja. "Nyumba bila mwanamume ni kisima bila kamba." Ijumaa nyingine akasema, "Mti mkubwa ukihamishwa hufa. Kwa nini uhamishwe?" Hakuzungumza na mtu. Aliliambia pazia.

Kwetu mwenye eda haposwi waziwazi, ni haramu. Fumbo tu ndilo linaloruhusiwa. Aliyeweka ruhusa hiyo sijui kama alifikiria mwanamke anayepewa fumbo ajibu nini. Ningemwambia, "Sitaki," angenijibu kwamba alikuwa anazungumzia mti, nami ningebaki na aibu yangu, mjane mwenye tamaa anayekataa asichoombwa. Kwa hiyo nilinyamaza, na kila Ijumaa ukimya wangu uliongezeka uzito. Nilijua vizuri nini kinakuja. Nikimkubali, nyumba, kisima na mboksi vinabaki kama vilivyo, na mimi nabaki ndani yao. Nikimkataa, narudi Usinge na sanduku langu. Urithi wangu ulikuwa robo, lakini robo ya nyumba haikaliwi. Na dele lilikuwa limezikwa ardhini kwa miaka sita. Lisingechimbuliwa likapona.

Shemeji sikumchukia. Ningemchukia mambo yangekuwa mepesi. Ila kila nilipomfikiria kama mume, niliona ua uleule na hatua zilezile, mpaka nizeeke.

Mwezi wa tatu nikafanya kosa. Ilikuwa Ijumaa, wifi alikwenda jikoni kupika kahawa ya mgeni, na mimi nilikuwa nimetoka kuutazama mti. Manyoya yote yale yalikuwa yameuelemea ule mdomo, ukaanza kuinama, nami nilijua ukilala hivyo msimu mzima hautarudi tena. Nikasema kupitia pazia, "Shemeji."

"Naam, shemeji," akaitika, upesi mno.

"Nakuomba unikatie mboksi. Umeharibika, na mimi nimekatazwa."

Nikainuka, nikavuta kigoda, nikautoa mkasi juu ya kabati na kuupitisha chini ya pazia, mpini mbele. Yule mtu wa sauti ya mnada aliupokea taratibu. Kisha akauliza polepole, "Unanipa wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kata wakati wa mawingu."

Hakungoja mawingu. Alitoka palepale, jua la saa saba likiwaka, nikasikia mkasi unakwenda mbio kama wa kinyozi mwenye foleni. Wifi akaja na sinia la kahawa, akasimama. Aliutazama mlango wa uani, akalitazama kabati, akanitazama mimi. Sinia akaliweka chini kabla halijamponyoka.

Shemeji alipomaliza alirudi sebuleni akihema. "Sasa hapo ni mti," akaliambia pazia kwa furaha. "Nimekuondolea na lile tawi lililokuwa linatokeza ovyo upande wa kisimani."

Alipoondoka nikaenda mlangoni. Tumbo lilikuwepo. Shingo na kifuniko vilikuwepo, tena amevikata kwa nidhamu kuliko nilivyotegemea. Mdomo haukuwepo. Aliukata kwenye shina kabisa, na waya wake ulikuwa umelala chini, bado umepinda. Hakuwa amejua kwamba ni dele. Miaka yote ile ya kuingia na kutoka, alikuwa anaona kichaka. Nililia kuliko nilivyolia siku ya maziko, na ninaona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Siku ya maziko watu walikuwa wengi, wakinishika huku na huku. Siku hii nilikuwa nalia peke yangu.

"Unalilia tawi?" wifi akauliza.

"Miaka minne, wifi."

"Hujui ulichofanya." Akakaa mbele yangu. "Kwenu Usinge mtu akifa, uta wake anapewa nani?"

Nikanyamaza kulia. Nilijua. Nilishuhudia kwa upande wa mama yangu: uta wa marehemu hukabidhiwa anayesimama mahali pake, na mke akiutoa kwa mkono wake mwenyewe, amekwisha kumchagua huyo aliyeupokea. Tabora mjini uta ulikuwa umesahauliwa, lakini kukabidhi hakukusahauliwa. Familia zile zilikuwa na mababu kutoka Omani na mabibi wa Kinyamwezi, na mabibi ndio waliolea watoto. Walikabidhi bakora, walikabidhi mizani ya duka. Mume wangu hakuwa na uta. Kitu cha mkono wake, mji mzima ulijua, kilikuwa mkasi ule.

"Mimi nilikuwa nafikiria jani," nikasema.

"Yeye hakufikiria jani. Sasa hivi yuko barazani anapokea hongera. Nilikukataza usiushike, hukusikia. Unafikiri niliogopa nini? Niliogopa ukatoe majani?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, na langu lilivunjika nikiwa nimekaa. Kabla jua halijazama habari zilikuwa zimefika msikitini. Wiki iliyofuata ikaja barua ya kaka yangu kutoka Usinge, ameandikiwa na karani wa stesheni. Alisema amefurahi kwamba nimejichagulia mwenyewe, na atapanda treni aje kunisimamia siku ya kutoka eda. Wanawake wakaanza kuja kunitazama kwa macho ya kucheka. Shemeji akaziba bati lililokuwa linavuja, akaleta samadi debe mbili kwa ajili ya mboksi, akajinunulia kanzu mpya. Fumbo hakuleta tena, maana hakuwa na haja nalo. Mti aliokata juani ukaungua upande mmoja, majani yakawa rangi ya chai, na wiki nzima nikautazama ukiwa hivyo.

Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini nimwambie vipi? Nikisema sikukusudia, nitakuwa nimempa mtu mkasi wa ndugu yake ndani ya nyumba ya ndugu yake, kisha nikamnyang'anya. Angechekwa sokoni mpaka afe. Na kwa siku kadhaa, niseme kweli, nilikuwa nimekubali. Nilijiambia kwamba mtu mwema ni mtu mwema, tawi jingine lingefungwa kwenye waya, na miaka minne si mingi kwa mtu ambaye haendi popote. Nilijiona na miaka thelathini, nikajiona na hamsini, nikichungulia kwenye mlango uleule. Nilikosa pumzi. Nikamwita wifi, akanipepea kwa ungo bila kuniuliza kitu.

Siku ya kutoka eda wifi aliniogesha kisimani alfajiri, akanivisha nguo za rangi, akanipaka hina viganjani. Watu walikuja kwa dua. Na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kukusanyika, wanaume wakaona hakuna haja ya kuwakusanya mara mbili, ndoa isomwe hapohapo baada ya dua. Kaka yangu alikuwa sebuleni amekaa karibu na shehe, anatabasamu, ana vumbi la treni kwenye kola. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia lilelile. Wifi alikaa kushoto kwangu, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu hata nikahisi mapigo yangu vidoleni mwake. Nilidhani ananizuia nisikimbie.

Shehe akaniita kwa jina langu na la baba yangu. Akanisomea jina la aliyeniomba na mahari aliyotaja. Akauliza, "Umeridhia?"

Nilifungua mdomo. Sauti haikuja. Sijui ilikwenda wapi, kwa maana hata kupumua nilikuwa napumua kwa kukumbuka. Pazia lilikuwa kimya, sebule ilikuwa kimya, na mahali fulani uani kuku alikuwa anaparura.

"Kanyamaza," mtu mmoja akasema upande wa wanaume, mzee mzee hivi, kwa upole. "Kimya ni ridhaa." Wengine wakaitikia, "Alhamdulillahi." Nikasikia shehe anafungua kitabu chake.

Wifi yangu akasimama. Mkono wangu haukuachwa, kwa hiyo nikainuliwa nusu pamoja naye.

"Huyo si mwari!" akapaza sauti. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata kwa kuku. "Kimya ni cha mwari. Mjane husema kwa kinywa chake. Muulizeni tena."

Alikuwa amesema kweli, na shehe alijua kwamba ni kweli. Mwanamke yule ambaye aliniwekea sheria ya wanja, ya udi na ya mkasi, sheria hii pia aliijua, na hakuwa tayari kuiacha ipite ikiwa pungufu. Shehe akakohoa. Akauliza mara ya pili, taratibu zaidi, "Umeridhia?"

"Sitaki," nikasema.

Ilitoka ndogo. Nikairudia mpaka ikafika. Upande wa pili mtu aliangusha kikombe. Kisha nikasikia sauti ya shemeji, na kwa mara ya kwanza ilikuwa sauti ya mtu wa kawaida. "Lakini si ulinipa mkasi?"

"Nilikupa ukate mti, shemeji. Kosa ni langu. Nisamehe."

"Haya," akasema. Nikasikia viatu vyake vinatoka, na kanzu mpya ikisugua mlango.

Watu waliondoka bila kumaliza pilau. Kaka yangu alisema tutazungumza ndani ya treni, na kwenye treni hakuzungumza mpaka tukafika Usinge. Mti niliuacha ulipo. Nilikata vijiti sita, nikavifunga katika kitambaa kilicholowa, na vyote sita vikafa kwetu kabla ya kiangazi. Sikujilaumu. Nilikuwa na mambo mengine ya kujifunza, kama vile kutoka nyumbani asubuhi bila kumwambia mtu ninakokwenda.

Lakini kabla ya treni, alasiri ile, wifi alinisaidia kufunga sanduku. Alikunja kanga zangu mojamoja, pembe kwa pembe, kama anavyofanya kila kitu. Nilitaka kumshukuru, nikashindwa pa kuanzia. Nikauliza jambo jingine, ambalo nadhani nilikuwa nalo muda mrefu bila kujua.

"Wifi, siku yako wewe, ulipoolewa na yule mdogo mtu. Walikuuliza?"

Aliikunjua kanga aliyokuwa amekwisha kuikunja, akaanza upya.

"Waliniuliza," akasema. "Nikanyamaza, nikingoja waniulize mara ya pili."